Msongamano wa Wapangaji Maganzo: Sheria Inasemaje na Jirani Aende Wapi

Na Mwandishi Wetu, Kishapu

Maganzo ni mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Kama ilivyo kwa miji mingi ya ukanda wa madini, kuanzia Kakola mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu mkoani Geita, mji huu hujaa na kupungua kwa kufuata habari za ardhini. Pakisikika kuwa eneo fulani limetoa mawe, vijana huingia kwa makundi na vyumba vya kupanga huwa haba. Chumba kilichokuwa na mpangaji mmoja hupokea watatu, kisha sita, wakilala mzungu wa nne kwenye godoro moja huku wengine wakisubiri zamu yao ya kulala.

Ndipo majirani huanza kuuliza. Je, kuna sheria inayosema chumba kimoja kikae watu wangapi? Na kama ipo, nani anaisimamia?

Jibu fupi ni kwamba sheria ipo, ila haianzi na hesabu ya vichwa. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inatazama hali ya makazi. Iwapo jengo limefikia kiwango cha kuhatarisha afya ya wanaoishi humo au ya majirani, kwa wingi wa watu, uchafu, ukosefu wa hewa au ubovu wa choo, hali hiyo ni kero kisheria na maafisa afya wa halmashauri wana uwezo wa kuingilia kati. Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. Mwananchi anayefika ofisi ya kata na kusema kuwa nyumba ya jirani ina watu wengi mno amesema jambo la kweli, lakini hajataja kosa. Akieleza kuwa choo cha nyumba hiyo kimejaa na maji machafu yanatiririka kuelekea kisima, au kwamba vyumba havina madirisha na humo kuna mtu anayekohoa mwezi wa pili sasa, amempa afisa afya kazi ya kufanya.

Chanzo cha msongamano wa Maganzo kinajulikana. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na mjiolojia kutoka Kanada, Dkt. John Williamson, na kuuzunguka mgodi huo ukajengwa mji wa kampuni wenye nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Maganzo ilikua nje ya mpangilio huo, bila mwajiri wa kuijengea nyumba. Kila aliyefuata almasi bila kuajiriwa mgodini, awe mchimbaji mdogo, mnunuzi, mama lishe, fundi au mwenye duka, alilazimika kutafuta chumba kwa mwananchi mwenzake.

Biashara hiyo ya vyumba haijawahi kuwa ya uhakika. Mwezi Aprili 2020 mgodi ulisitisha uzalishaji baada ya soko la almasi kuporomoka wakati wa janga la UVIKO-19, na kazi ikarejea mwaka 2021. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, tope likavamia makazi na mashamba ya wananchi wa vijiji vya jirani, na uzalishaji ukasimama tena hadi mwaka 2023. Katika mazingira hayo mwenye nyumba hajui kama mwakani atakuwa na wapangaji kumi au atakosa hata mmoja. Ni rahisi kuelewa kwa nini anapowapata wengi huwapokea wote. Hata hivyo, hali hiyo haimwondolei wajibu wake.

Nyumba nyingi za kupanga katika miji ya aina hii hufuata ramani moja inayofahamika nchini kote: vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na uani wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Ramani hiyo haina tatizo lolote ikiwa na familia moja na wapangaji wachache. Kijadi, kaya ya Wasukuma huwa na watu wengi, lakini imezoea kuwa na nafasi: nyumba kadhaa kwenye boma moja, zizi la ng'ombe, na uwanja mpana wa kupumulia. Kaya hiyo hiyo inapohamia mjini na kuingizwa katika chumba kimoja, mila ya kupokea ndugu na wageni hubaki lakini nafasi ya kuwalaza huwa imeachwa kijijini.

Chumba chenye upana na urefu wa mita tatu kina mita 9 za mraba. Watu sita wakiishi humo, kila mmoja anapata mita moja na nusu za mraba, kabla ya kuweka ndoo ya maji, jiko, begi na viatu vya kazini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, huhesabu kuwa kuna msongamano pale zaidi ya watu watatu wanapotumia chumba kimoja. Kwa kipimo hicho, chumba cha watu sita kimezidi mara mbili. Nyumba ya vyumba sita iliyojaa kwa kiwango hicho ina watu 36, ambao kila alfajiri hupanga foleni kwenye choo kimoja kilichochimbwa kwa hesabu ya watu kumi.

Zipo nchi zilizoamua kuweka hesabu hizo ndani ya sheria. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba 2018, chumba cha kulala katika nyumba ya wapangaji wengi inayohitaji leseni hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51 kwa mtu mzima mmoja, na mita za mraba 10.22 kwa wawili. Kanuni kama hiyo ni rahisi kuisimamia, kwani mkaguzi hubeba futi kamba na kupima. Ugumu wake hujitokeza pale ambapo nyumba za kuwahamishia waliozidi hazipo. Nchini Tanzania upungufu wa nyumba umekuwa ukitajwa kuwa takribani milioni 3, na mahitaji mapya huongezeka kila mwaka. Namba kali isiyo na nyumba nyuma yake huhamishia msongamano mtaa wa pili. Pengine hiyo ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilizitaka nchi kupunguza msongamano bila kuzilazimisha kutumia idadi moja.

Hatari ya kwanza ya msongamano haionekani kwa macho. Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa, mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapozungumza. Chumba kisicho na dirisha, chenye watu sita wanaopumua hewa ile ile kwa saa nane za usiku, ni mazingira ambayo vimelea hivyo huyapenda. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu duniani, na wachimbaji wamo katika makundi yaliyo hatarini zaidi. Vumbi la mawe, hasa linalotoka kwenye uchorongaji na kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, huharibu mapafu na kuyafanya yashindwe kupambana na vimelea. Vijana wa ukanda huu hawakai mahali pamoja: mwezi huu yuko kwenye almasi Maganzo, mwezi ujao kwenye dhahabu Mwakitolyo au Geita. Kikohozi alichokipata kwenye duara moja hukibeba hadi chumba cha mji mwingine.

Katika jambo hili yapo makosa mawili yanayofanywa kwa nia njema. La kwanza ni kumtengea mgonjwa kikombe na sahani, wakati kifua kikuu hakiambukizwi kwa vyombo. La pili, ambalo madhara yake ni makubwa zaidi, ni kumfukuza. Mpangaji anayefukuzwa kwa sababu ya kukohoa hatakwenda hospitali. Atatafuta chumba kingine chenye watu ambao bado hawamfahamu. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, kwa kawaida kwa miezi sita, na wagonjwa wengi huacha kuambukiza wengine ndani ya wiki chache baada ya kuanza kutumia dawa kwa usahihi. Kwa hiyo mwenye nyumba na wapangaji wenzake hupata kinga kubwa zaidi kwa kumsindikiza kituo cha afya na kwenda kupimwa pamoja naye. Yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho jingi usiku au anayepungua uzito anapaswa kupimwa bila kusubiri.

Hatari ya pili iko uani. Choo kinachozidiwa hujaa kabla ya wakati wake, na shimo jipya huchimbwa karibu na la zamani kwa kuwa kiwanja ni kidogo. Mvua zinapoanza, kilichomo huibuka. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kiliikumba mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Simiyu, Mwanza na Shinyanga. Maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka Ihelele yamepunguza utegemezi wa visima na malambo katika mkoa wa Shinyanga, lakini maji safi ya bomba hayasaidii ikiwa ndoo ya kuyahifadhia iko hatua mbili kutoka kwenye choo kilichofurika, na watu 36 wanachota kwa kikombe kimoja.

Hatari ya tatu huja usiku wa baridi au wa mvua, wakati jiko la mkaa linapoingizwa ndani. Mkaa unaoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta hulewa, husinzia na huenda asiamke. Katika chumba cha mtu mmoja hupotea mtu mmoja. Katika chumba cha watu sita hesabu ni nyingine. Nyaya za umeme zilizounganishwa kienyeji ili mita moja ya LUKU ihudumie vyumba vyote nazo huongeza hatari ya moto, na mlango mmoja wa korido, uliowekewa komeo kwa kuogopa wezi, huwa njia pekee ya kutokea.

Lipo pia suala ambalo majirani hulizungumza kwa sauti ya chini, nalo ni watoto. Familia inayokaribisha wapangaji wa muda ndani ya vyumba vyake ili kumudu kodi, huku mabinti na wavulana wakilala sakafuni pamoja na watu wasiowafahamu, inawaweka watoto hao katika hatari ambayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka jamii yote kuizuia. Hapa jirani hapaswi kusubiri hadi jambo litokee ndipo atoe taarifa. Afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi hupokea taarifa za mashaka pia.

Pamoja na hayo yote, jirani hana mamlaka ya kuingia katika nyumba ya mtu kuhesabu waliolala. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Ibara ya 17 inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini. Kijana aliyetoka Kigoma, Singida au Mara kuja kutafuta riziki Maganzo ni mkazi halali kama alivyo aliyezaliwa hapo. Malalamiko ya msongamano yanapogeuka kuwa malalamiko dhidi ya wageni, huwa yameacha kuhusu afya, na viongozi wa vitongoji wana wajibu wa kutofautisha mambo hayo mawili. Ukaguzi wa nyumba ni kazi ya ofisa mwenye mamlaka hayo, anayejitambulisha na kueleza sababu ya kuja kwake.

Njia ya malalamiko huanzia karibu. Mazungumzo na mwenye nyumba hutangulia, kwa kuwa wengi wa wamiliki hawaishi katika nyumba wanazopangisha na baadhi yao hawajui kuwa chumba walichompa mtu mmoja kimepangishwa tena kwa watano. Yakishindikana, taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, kisha kwa afisa mtendaji wa kata, ambaye humshirikisha afisa afya. Taarifa nzuri hueleza mambo yanayoweza kuthibitishwa: nyumba ipo wapi, tatizo ni lipi, limeanza lini, linamdhuru nani. Ni vyema iandikwe, na mlalamikaji abaki na nakala yenye tarehe, kwani malalamiko ya mdomo husahaulika kiongozi anapohamishwa.

Afisa afya akijiridhisha kuwa kuna kero, humpa mmiliki au msimamizi wa nyumba ilani ya maandishi inayotaja kasoro na muda wa kuzirekebisha. Marekebisho hayo yanaweza kuwa kuchimba choo kingine, kufungua madirisha, kuondoa vizuizi vya maboksi na maturubai vilivyogawa chumba kimoja kuwa viwili, au kupunguza idadi ya wanaolala humo. Asipotekeleza, anaweza kufikishwa mahakamani. Ikumbukwe kuwa mzigo wa kwanza unamwangukia yule anayenufaika na kodi. Mpangaji anayelipia robo ya godoro hakujenga nyumba isiyo na dirisha.

Hofu kubwa ya wapangaji ni kwamba malalamiko yataishia kwa wao kutupiwa virago nje. Kutokana na hofu hiyo wengi hukaa kimya hata choo kinapofurika mlangoni mwao. Uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, pamoja na mkataba waliouingia, na kusitisha upangaji kunahitaji notisi. Kufunga mlango kwa kufuli jipya au kung'oa bati mpangaji akiwa kazini huzaa mgogoro wa pili juu ya ule wa kwanza. Migogoro ya aina hiyo hupelekwa kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata, na ikishindikana hufikishwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sehemu kubwa ya migogoro hii ingezuilika kwa karatasi moja. Mikataba mingi ya vyumba katika miji midogo ni ya mdomo, na hata ile iliyoandikwa hutaja kodi na tarehe tu. Inafaa itaje pia idadi ya watakaoishi chumbani, iwapo mpangaji anaruhusiwa kupangisha wengine, nani anavuta maji machafu choo kinapojaa, na gharama za umeme zinagawanywa vipi. Kipengele cha LUKU kinaweza kuonekana kidogo, lakini katika nyumba yenye mita moja ndicho huanzisha ugomvi mapema kuliko vingine vyote, kwani mpangaji wa chumba cha mtu mmoja hukataa kuchangia sawa na chumba cha sita.

Daftari la wakazi linalosimamiwa na uongozi wa kitongoji au mtaa nalo linahusika hapa. Baadhi ya wananchi huliona kama chombo cha kuwasaka, na wamiliki wengine huficha idadi ya wapangaji kwa kuhofia kodi. Lakini ikizuka homa ya mlipuko, au nyumba ikiungua usiku, waokoaji huuliza swali moja la kwanza: ndani walikuwa wangapi? Operesheni ya Anwani za Makazi iliyozinduliwa mwezi Februari 2022 imewezesha nyumba kupewa namba na barabara kupewa majina, hivyo ofisa anayepokea taarifa anaweza kufika kwenye nyumba husika bila kuuliza njia. Namba iliyo mlangoni haisemi walio ndani ni wangapi. Hilo hujulikana tu mmiliki anapoandikisha wapangaji wake.

Iwapo wakazi wa Maganzo wanataka kiwango kilicho wazi zaidi ya kile cha madhara kwa afya, njia yake ni sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa mahitaji ya eneo lake, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni kabla rasimu haijapelekwa kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mapendekezo huanzia kwenye mikutano ya hadhara ya vitongoji na vijiji. Wanaohudhuria mikutano hiyo kwa kawaida ni wenye nyumba na wakazi wa muda mrefu. Vijana wa machimbo huwa kazini. Ikitungwa bila kuwasikiliza wao, sheria ndogo ya idadi ya watu chumbani itawaumiza kabla ya kumgusa mwenye nyumba, na itawapeleka kulala kwenye maturubai pembezoni mwa mashimo.

Wananchi wenye dharura ya moto wapige namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taarifa na ushauri kuhusu magonjwa ya mlipuko hupatikana Wizara ya Afya kupitia namba 199, na taarifa za mtoto aliye hatarini hupokelewa kupitia namba 116. Namba zote tatu hupigwa bila malipo.